Printa ya kutolea picha nyeusi na nyeupe: ipi ianze, ipi iachwe

Kabla hujauliza bei wala kasi, uliza printa ina wino wa kijivu wa aina ngapi. Hapo ndipo picha nyeusi na nyeupe inapopona au kuharibika, na ndicho kigezo kikuu cha orodha hii.

Printa ya wino nne (nyeusi, samawati, majenta, njano) haina kijivu. Hukiunda kwa vitone vya rangi tatu, na mchanganyiko ukiyumba kidogo tu, labda tundu moja la kutolea wino limeziba au karatasi imekunywa wino kuliko draiva (programu inayoiongoza printa) ilivyotarajia, kijivu kinageuka. Mzee mwenye mvi anatoka na mvi za kijani. Na rangi hiyo haitulii: ishike printi dirishani mchana, iko sawa, ipeleke jioni chini ya balbu ya manjano, mashavu yameshika uwaridi. Kuhangaika na picha kwenye kompyuta hakusaidii, maana kasoro imo kwenye wino. Ukikwepa kwa kuchapa kwa wino mweusi peke yake, rangi haitaegemea popote, ila sehemu za mwanga zitachapwa kwa vitone vyeusi vilivyoachana, na anga itaonekana kama imenyunyiziwa pilipili manga. Printa yenye kijivu na kijivu hafifu hupanga vitone vingi visivyo vikali, jicho likaona ulaini.

Kigezo cha pili ni aina ya wino. Pigmenti ni chembe zinazokaa juu ya karatasi, na hustahimili mwanga muda mrefu. Wino wa dai ni rangi iliyoyeyushwa. Hupenya ndani na hung'aa vizuri, lakini hufifia mapema, na rangi zake hazififii kwa mwendo mmoja. Cha tatu ni weusi: printa ya kweli ya picha ina nyeusi mbili, moja ya karatasi zinazong'aa na nyingine ya zisizong'aa. Nyeusi ya kung'aa ikiangukia karatasi ya pamba isiyong'aa hutoa kijivu kilichochoka.

1. Epson SureColor P900 na P700

Zote mbili zina wino 10 za pigmenti, kijivu mbili zikiwemo, na kila nyeusi ina njia yake kwenye kichwa, sehemu inayorusha wino kwenye karatasi. Hili si dogo. Kwenye P800 na P600 zilizotangulia, nyeusi mbili zilipokezana njia moja, na kila ukibadili karatasi wino ulisukumwa kwenda kwenye taka. Mnunuzi wa printa iliyotumika alikumbuke hilo.

P900 huchapa hadi A2 na katriji zake ni za mililita 50. P700 huishia A3+ (milimita 329 kwa 483), katriji mililita 25, na kishika-roli kimo ndani yake; cha P900 hununuliwa kando. Ubora wa kijivu ni uleule, kwa hiyo chagua kwa ukubwa wa picha na wingi wa kazi.

Sababu ya kuziweka juu ni hali ya Advanced B&W, ya picha nyeusi na nyeupe, kwenye draiva. Inategemea zaidi nyeusi na kijivu mbili, ikiongeza rangi kidogo tu ili kuupa mwonekano ujoto au ubaridi. Kosa linalowapata wengi ni kuiwasha huku programu ya picha nayo ikisimamia rangi. Printi inatoka nzito, au ina rangi usiyoiomba. Kwenye programu, chagua printa isimamie rangi. Hapo profaili ya karatasi, yaani faili linaloeleza jinsi karatasi inavyopokea rangi, huhitaji.

Udhaifu wake: kichwa si cha kubadilisha mwenyewe, na kikikaa wiki kadhaa bila kazi huanza kuziba. Chapa karatasi ndogo kila wiki. Kikiziba, safisha mara mbili, iache usiku kucha, kisha rudia kipimo cha matundu, ile mistari ya majaribio inayoonyesha tundu gani halitoi wino. Kusafisha mara sita mfululizo ni kujaza tu tangi la taka kwa wino uliolipia.

2. Canon imagePROGRAF PRO-1000, na PRO-1100 iliyoirithi

Wino 12, kijivu mbili, na mmoja usio na rangi kabisa. Huu wa mwisho ndio hoja yake. Pigmenti kwenye karatasi inayong'aa huacha kasoro mbili: vivuli vikitazamwa kwa upande vinameta kama shaba, na sehemu nyeupe, zisizo na wino, zinaonekana bapa kando ya sehemu nyeusi. Wino usio na rangi husawazisha mng'ao. Kama kazi yako karibu yote ni ya kung'aa, iweke hii ya kwanza.

Kichwa chake kinaweza kubadilishwa na mwenye printa. Katriji za PRO-1000 ni za mililita 80, ila sehemu ya seti ya kwanza huishia kujaza mirija, usiogope ukiona kipimo kimeshuka siku ya kwanza. Mashine yenyewe ina uzito wa kilo 32 hivi, kwa hiyo meza ya kukunja haiifai.

3. Canon PRO-300

Pigmenti, A3+, nyeusi mbili na wino usio na rangi, lakini kijivu ni kimoja. Ngozi na ukungu hutoka vizuri bila kufikia ulaini wa zilizotangulia. Katriji za mililita 14.4 huisha upesi. Inamfaa anayetoa picha chache kwa mwezi.

4. Canon PRO-200

Kijivu mbili, lakini wino ni dai. Kwenye karatasi inayong'aa huwezi kuilaumu. Haina nyeusi ya karatasi zisizong'aa, na picha ya kuuzwa au kutundikwa miaka mingi isitoke humu.

5. Epson ET-8550

Kijivu kimoja, wino wa picha ni dai, lakini hujazwa kwa chupa za mililita 70, na hapo gharama ya kila printi hushuka sana. Ni printa nzuri ya kujifunzia na ya kutolea printi za majaribio.

Ya wino nne za ofisini iache, hata ukipewa bure.

Nje ya orodha kuna njia ya wino wa kaboni: unachukua printa ya Epson inayokubali katriji za kujazwa, unaweka wino za kijivu tupu kama zile za Piezography za Jon Cone, na kuiendesha kwa QuadTone RIP ya Roy Harrington, programu inayochukua nafasi ya draiva. Matokeo yanaweza kuzipita zote hapo juu kwa ulaini. Lakini utahitaji kifaa cha kupima weusi ili kunyoosha ngazi za kijivu kwa kila karatasi, printa nyingi mpya hukagua chipu na kukataa katriji za kujazwa, na mashine hiyo haitachapa rangi tena. Isiwe printa yako ya kwanza.

Karatasi ibebe nusu ya bajeti ya majaribio

Barita, yenye tabaka la bariamu salfeti, ndiyo iliyo karibu zaidi na printi ya chumba cha giza. Weusi wake hupita 2.2 kwa kipimo cha densiti (namba ikipanda, weusi umekolea zaidi), wakati pamba isiyong'aa kama Hahnemühle Photo Rag 308 huwa karibu na 1.6 au 1.7. Tofauti hiyo utaiona kwenye koti jeusi: kwenye barita mikunjo ya kitambaa inasomeka, kwenye pamba inaanza kumezwa. Pamba ina ulaini wake, na haiakisi taa, kwa hiyo picha zenye mwanga mwingi hupendeza humo. Nunua paketi ndogo ya kila aina kabla ya boksi. Karatasi nyeupe kupindukia huwa na dawa ya kung'arisha inayochoka kwa miaka, na weupe ukageuka kuelekea manjano.

Jaribu kila karatasi kwa ngazi ya vipande 21 vya kijivu, kutoka 0 (nyeupe) hadi 100 (nyeusi) kwa hatua za asilimia 5. Vipande vya 90, 95 na 100 vikiungana, wino umezidi. Mara nyingi umechagua aina ya karatasi isiyo sahihi kwenye draiva. Kipande cha 5 kikipotea kwenye weupe, punguza mwanga wa picha kidogo. Kimoja kikiwa na rangi na jirani zake hawana, kagua matundu kabla ya kugusa kitu kingine. Faili iwe ya biti 16, pikseli 360 kwa inchi kwa Epson, 300 kwa Canon.

Printi zote zikitoka nyeusi kuliko ulivyoona, shuku skrini kwanza. Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa kali mno. Ishushe hadi kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba.

Ukinunua printa iliyotumika, usilipe kabla ya kuona kipimo cha matundu kikichapwa mbele yako. Mistari ikikosekana hata baada ya kusafisha mara mbili, ondoka. Uliza pia tangi la taka: P700, P900, PRO-1000 na ET-8550 zina la kubadilisha mwenyewe.

Printi mpya iachwe wazi saa 24 kabla ya kuingia kwenye fremu. Ikifungiwa nyuma ya kioo mapema, vimiminika vya wino vinavyoendelea kutoka hutanda ndani ya kioo kama ukungu, na itabidi fremu ifunguliwe upya.