Soksi ya kiwiko yenye sponji: miezi mitatu kwenye meza ya fundi simu, Moshi

Natengeneza simu karibu na soko la Mbuyuni. Kazi hii bila kuegemeza viwiko mezani mkono unatikisika, na ukitikisika umeunguza saketi ya mtu. Mwaka huu kiwiko cha kulia kikaota uvimbe kwa nyuma, laini, kama yai lililomenywa. Maumivu kidogo, hofu nyingi.

Daktari alinieleza kwamba kwenye ncha ya kiwiko, kati ya ngozi na mfupa, kuna kifuko chembamba chenye ute kidogo, ili ngozi iteleze vizuri. Ukikikandamiza kila siku kinajaa maji. Akanishika mkono, akataka niunyooshe huku yeye akizuia: alikuwa anapima kano ya ule msuli mkubwa wa nyuma ya mkono, inayojishikiza kwenye ncha hiyohiyo. Ilikuwa nzima. Akauliza homa, wekundu, joto, hata jongo. Sindano ya kunyonya maji hakutaka, kwa sababu inaweza kuingiza vijidudu mahali ambapo havipo. Niache kuegemea, niweke barafu, nivae kinga.

Hii niliinunua duka la dawa kwa shilingi 18,000. Sponji yake ni nene na ina tundu katikati, kwa hiyo ncha ya kiwiko inaning'inia humo na uzito unabebwa pembeni. Hapo ndipo ilipozishinda zile za sponji bapa, ambazo bado zinakandamiza palepale panapouma.

Kosa lilikuwa saizi. Muuzaji hakunipima, akanipa M. Siku ya pili kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete vikafa ganzi. Ni ule mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, unaopiga shoti ukijigonga. Soksi ilikuwa inaubana. Nikanunua L, ganzi ikaisha. Tafadhali pimeni mzunguko wa kiwiko kabla ya kulipa. Na kama uvimbe ni mwekundu, wa moto, una homa, au mkono haunyooki baada ya kuanguka, hii soksi si dawa yako. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jasho la Moshi linailowesha hadi saa nane mchana, basi naifua kila jioni. Wiki ya sita uvimbe ulikuwa umelala, ingawa nikipapasa bado nasikia vijipunje. Sasa lastiki ya juu imelegea, na nimeshaagiza nyingine, L.