Laptopu ya kioo kilichopasuka ndo seva yangu ya bakapu: uzoefu wangu na Debian, diski za USB na umeme wa Dar

Wakuu, hii ni kwa wale tunaopiga kazi na Linux (mi natumia toleo lake la Debian), mzigo wa data ni mkubwa alafu bajeti ni ya kubana. Mi napiga picha na video za harusi, sendofu, kicheni pati, ofisi iko Sinza, naedit na Kdenlive, na nilikuwa natafuta sehemu ya kuweka bakapu kwenye mtandao wa ofisi bila kuingia gharama za ajabu. Nimekaa na hiki nitakachoeleza muda wa kutosha kusema kinafaa, na kasoro zake nazijua.

Kwanza tuelewane ukubwa wa mzigo. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 45, sasa weka kamera mbili kwa masaa matatu ya ukumbini tu, saluni na kanisani hujagusa, tayari uko GB 270, na hiyo ni harusi moja. Alafu video ni kitu ambacho kimeshabanwa na kamera yenyewe, kwa hiyo programu za bakapu kama restic na Borg, pamoja na sifa zao zote za kubana na kuondoa marudio, kwenye video ghafi hazikuokolei kitu cha maana. Zinang'aa kwenye projekti, mikataba na ankara za wateja.

Nikapima. Boksi za NAS (za kuweka diski kwenye mtandao wa ofisi) kama Synology ni nzuri, sina ubaya nazo, ndani yake ni Linux pia, ila boksi tupu la diski mbili, bila hata diski moja, nililiona kwa bei iliyozidi mara mbili ya nilichokuja kulipa kwenye mashine yangu, na umeme ukikata linakata nalo mpaka ununue UPS (betri ya akiba) juu yake. Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka 2019, ina USB 3 na gigabiti ya kweli, ila USB zake zote zinagawana ampea 1.2 tu, ukichomeka diski mbili zisizo na umeme wao ni kutafuta ugomvi. Kompyuta ya mezani ya zamani ni rahisi kupata ila piga hesabu ya LUKU: mashine ya wati 60 ikiwaka masaa 24 ni uniti 43 kwa mwezi, kwa matumizi ya kawaida yenye uniti ya shilingi 350 na kidogo hapo umeshapoteza kama elfu 15 kila mwezi kwa mashine ambayo muda mwingi imekaa tu.

Ndo nikafika kwenye laptopu. Kwa mazingira ya Dar kitu cha kwanza kuuliza kuhusu mashine ya bakapu ni umeme ukikata diski inafanyaje, halafu ndo uulize kasi, halafu ndo bei, na laptopu inajibu hilo swali la kwanza bila kuongeza senti maana inakuja na betri. Na iliyopasuka kioo wengi hawaitaki kwa hiyo bei inashuka sana, wakati seva haihitaji kioo. Mi nilipata ThinkPad T460 chini ya laki tatu. Faida ya hii modeli ina betri mbili, moja ndani na nyingine unachomoa nyuma, ina tundu la waya wa mtandao wa gigabiti, na USB 3 tatu. Kioo kikiwa kimezimwa na diski haina kazi inacheza kwenye wati 10 hivi, yaani uniti kama 7 kwa mwezi, haifiki elfu tatu.

Ukienda Kariakoo usikubali kuonyeshwa taa inawaka ukaambiwa nzima. Nilienda na fleshi yenye Debian inayowaka bila kuinstoli, nikaomba skrini ya kuazima na waya wa HDMI, yule muuzaji alikuwa muungwana akanisogezea kiti kabisa. Nikapiga smartctl kwenye diski ya ndani nikasoma masaa iliyofanya kazi na kama kuna sekta zilizohamishwa, nikachomeka waya kwenye swichi ya dukani na ethtool ikasema 1000Mb/s, alafu nikachomoa chaja makusudi. "Kaka hiyo betri nzima kabisa," akaniambia, na kweli mashine haikutikisika, ila upower ikaonyesha betri ya nyuma imebaki na asilimia 71 ya uwezo wa kiwandani, hiyo 71 ikanisaidia kushusha bei tena kidogo. Hiyo ethtool usiipuuze, maana ukiangukia kwenye megabiti 100, TB moja inachukua karibu siku nzima kuhama, kwa gigabiti ni kama masaa mawili na nusu.

Diski za kuhifadhia nilichukua zile ndogo za nje za inchi 2.5 zinazojiendesha kwa umeme wa USB, na hii ni makusudi. Zile kubwa za inchi 3.5 zina adapta yao ya ukutani, umeme ukikata zinazima hata kama laptopu iko macho, kwa hiyo ile faida ya betri yote imekwenda. Hizi ndogo zinakula kwenye betri ya laptopu. Ubaya wake nyingi ni SMR, yaani mistari ya data zimepandiana kama bati za paa, ukimwaga mzigo mkubwa zinaanza kwa kasi nzuri baadae zinapungua mpaka unakata tamaa, ila kwa bakapu ya usiku inavumilika. Na kabla ya kuweka data pitisha f3, ni programu ya kuandika diski nzima na kuisoma tena, diski feki iliyoandikwa TB 4 huku ndani ni fleshi ndogo itaumbuka hapo hapo.

Kuiseti sio kazi kubwa. Kwenye logind.conf unaweka HandleLidSwitch=ignore ili ukifunga kifuniko isilale, kwenye TLP (programu ya kusimamia umeme wa laptopu) unaizuia betri isichajiwe kupita asilimia 80 maana betri inayokaa imejaa miezi yote inaweza kuvimba, na kwenye BIOS unawasha ile ya mashine kujiwasha chaji ikirudi. Kazi ya usiku naendesha na taima ya systemd yenye Persistent=true, kama saa nane usiku mashine ilikuwa imezima, ikiwaka tu inafidia. Skripti ikikuta kompyuta ya kueditia haiko hewani inajaribu tena baada ya saa moja.

Hapa niwe wazi maana watu wanadhani betri inaokoa kila kitu. Umeme ukikata katikati ya kazi, kompyuta ya kueditia inazima, swichi inazima, rsync (programu ya kunakili mafaili) inakosa wa kuongea nae inaacha. Kinachookoka ni diski ya bakapu kutokukatwa katikati ya kuandika, asubuhi nafungua journalctl (kumbukumbu za mfumo) nakuta kazi ilikatishwa, mfumo wa mafaili wa ext4 hauna kovu lolote, na kwa sababu natumia --partial (inatunza faili lililofika nusu) ile video ya GB 30 haikutupwa, na mzunguko unaofuata haianzi upya.

Jingine ambalo nalishikilia sana: laptopu ndo inaenda kuvuta mafaili, kompyuta ya kueditia haina ufunguo wa kuingia kwenye laptopu. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta ya kueditia hakina njia ya kufuta bakapu. Kila usiku rsync na --link-dest inatengeneza folda ya tarehe, faili ambalo halijabadilika halichukui nafasi mara mbili. Na mashine hii haijafunguliwa mlango wa kutoka nje kabisa. Juni 2021 watu dunia nzima waliamka wakakuta diski zao za mtandao za WD My Book Live zimefutwa kupitia intaneti, vifaa ambavyo masasisho yake yaliishia 2015, na Januari 2022 kikaja kirusi cha DeadBolt kufunga data za wenye boksi za NAS za QNAP. Ukitaka kuingia ukiwa mbali tumia WireGuard (VPN).

Chunga hili: USB ikilegea diski inapotea, na rsync haijui, itaandika kwenye folda tupu mpaka diski ya ndani ijae. Weka mountpoint -q mwanzo wa skripti, kama diski haipo kazi isianze, na kwenye fstab (faili la orodha ya diski) tumia UUID (kitambulisho cha diski) pamoja na nofail (mashine iwake hata diski isipokuwepo).

Nakala ya nje ni lazima, soko la Kariakoo liliungua Julai 2021 na sote tuliona. Video zilizokamilika, picha na nyaraka nazipeleka kwa restic kwenye Storage Box (nafasi ya kuhifadhi mtandaoni) ya Hetzner, kwa SFTP kupitia poti 23, zikiwa zimefungwa kwa paswedi kabla hazijatoka ofisini, paswedi yake iko kwenye karatasi kwa dada yangu Mbagala. Video ghafi sijaribu, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 TB moja ni siku tisa na zaidi, hizo zinakaa kwenye diski ya pili ninayobadilisha na ya nyumbani. Na kutegemea klaudi peke yake hapana, Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini wote tunakumbuka intaneti ilivyokuwa.

Kama mzigo wako umezidi TB 10 hivi njia hii itakuchosha, diski hizi ndogo kwa miaka ziliishia TB 5 ndo 2024 zikafika 6, na utaishia na lundo la nyaya. Hapo tafuta boksi la diski nne na UPS ya kweli inayoongea na NUT (programu ya kusimamia UPS).