Laptopu yenye Linux tayari: ukiwa Mbeya nunua ipi?

Wadogo zangu wanaosoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, wananiuliza sana hili, ngoja niliandike lote hapa. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ila wa bure.

Namba moja kwangu ni ThinkPad T480 ya mtumba, toleo la 2018, ambayo muuzaji au fundi ameshaiwekea Linux Mint au Ubuntu, zote ni aina za Linux. Najua kuna atakayesema hiyo siyo Linux ya kiwandani, sawa, lakini RAM unaongeza mwenyewe na betri ziko mbili, moja ndani moja nyuma, ile ya nyuma unaichomoa unapachika nyingine huku mashine inaendelea kuwaka, na kama umewahi kukatikiwa umeme usiku una ripoti ya kukabidhi asubuhi basi unanielewa kabisa.

Zinafuata Dell Latitude na HP EliteBook za mtumba. Nzuri tu, ila uliza kadi ya waifai, ikiwa Intel huna presha, ikiwa Broadcom mara nyingi inataka draiva (programu ya kuiwezesha kadi ifanye kazi) ipakuliwe kwanza na hapo intaneti yenyewe ndo huna.

Namba tatu ni mpya zenye Ubuntu toka kiwandani. Dell walianza na XPS 13 mwaka 2012, Lenovo nao wanauza baadhi ya ThinkPad hivyo. Safi sana, bei ndo inauma.

Mwisho ni System76 ya Marekani na Tuxedo ya Ujerumani, wao wanauza za Linux hasa, nazipenda kweli, lakini kioo kikipasuka uko Uyole spea utaitoa wapi?

Ukiambiwa "haina Windows" usidhani ni Linux, nyingi zina FreeDOS, kimfumo kidogo cha kuandika amri tu, ukiwasha unakuta skrini nyeusi na maandishi meupe basi.

Halafu jamani jaribuni kabla ya kulipa! Mimi ya kwanza nilinunua Mwanjelwa, Ubuntu ikafunguka vizuri nikatoa hela, kufika nyumbani nafunika laptopu, nafunua, haiamki mpaka uizime kwa nguvu, naingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, inafunguka kabla mfumo haujawaka) nirekebishe nakuta paswadi ya waliokuwa wanaitumia huko ilikotoka. Kwahiyo ukiwa palepale dukani ifunike uifunue, ingia BIOS, unga waifai ya simu yako, bonyeza Y na Z maana kwenye zilizotoka Ujerumani herufi hizo zimebadilishana nafasi, kisha fungua takwimu za betri ulinganishe ujazo wa kiwandani na wa sasa, ukikuta haufiki hata nusu mwambie apunguze bei au abadilishe betri.