Darasa la jioni la Kiingereza, Mji Mkongwe: limenifaa kazini

Nafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo hapa Unguja. Siku moja mgeni alishuka kuniambia bomba la bafuni halitoi maji ya moto. Nikamjibu, "I'm going to call the fundi." Akakunja uso: kumbe mlijua, na mmekaa kimya? Sikuelewa kosa langu mpaka nilipojiunga na darasa hili.

Mwalimu wetu alilifafanua hivi. "I'm going to" ni nia uliyokuwa nayo tangu kabla ya mazungumzo. "I'll call" ni uamuzi unaozaliwa pale pale, mgeni akiwa mbele yako, na ndani yake mna ahadi. Ukisema "I'm meeting him at four", basi mmeshaafikiana na huyo mtu na saa imepangwa. Kwetu "nitampigia" inabeba yote hayo, ndiyo maana tunateleza. Halafu kuna "I was going to", ambayo mara nyingi msikilizaji huelewa kuwa jambo halikufanyika. Hiyo nilikuwa naitumia kwa wageni kila siku, masikini.

Tulifanya mazoezi wawili wawili, mmoja mgeni, mwingine mapokezi, mpaka ulimi ukazoea. Hapo ndipo thamani ya ada yangu.

Chumba kina joto na viti havitoshi, wahi kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Sehemu ya kuandika ni dhaifu. Lakini kwa anayeongea na wageni, nalipendekeza kwa moyo wote.