Swichi tatu kwa taa za ngazi: uzoefu wangu Bugarika, Mwanza

Kama nyumba yako iko mlimani hapa Mwanza, iwe Bugarika, Isamilo, Igogo au Mabatini, na kufika mlangoni ni kupanda ngazi katikati ya mawe, usiridhike na swichi moja ya taa za ngazi. Sisi tumefunga tatu: moja getini chini, moja barazani, na moja kwenye korido ya juu nje ya chumba cha mama yangu mzazi. Unawasha popote, unazima popote. Kazi naipa nyota nne kati ya tano, na ile iliyobaki nitaieleza. Gharama ya swichi zenyewe isikutishe. Pesa inaliwa na paipu, waya na kutoboa mawe.

Zamani tulikuwa na swichi moja tu barazani. Ukirudi usiku unapanda gizani, simu umeibana mdomoni inamulika, mikono yote ina mizigo. Ukiamua taa ziwake tangu magharibi, wadudu wa ziwani wanakuja na ukoo wao wote. Msimu wao ukikolea, asubuhi unazoa chungu chini ya kila balbu. Kaka yangu akashauri taa za sensa, tukafunga. Paka wa jirani akipita, zinawaka. Mama akisimama katikati ya ngazi kupumzisha magoti, zinazima, maana sensa ile inafuata mtu anayetembea, na aliyetulia haimwoni. Tukazing'oa.

Sasa, kinachotakiwa si kitu kigeni. Swichi ya kawaida, wanwei, ina skrubu mbili nyuma: umeme unaingia, umeme unatoka. Tuwei ina tatu, zimeandikwa COM, L1 na L2. Yenyewe haikati umeme, inauchagulia njia: ama L1 ama L2. Laivu, yaani waya unaoleta umeme, inaingia COM ya tuwei ya kwanza, nyaya mbili zinatoka kwenye L1 na L2 kwenda L1 na L2 za tuwei ya pili, na COM ya hiyo ya pili ndiyo inayopeleka umeme kwenye taa. Swichi zote mbili zikichagua waya uleule, taa inawaka. Kila moja ikichagua wake, taa inazima. Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, haigusi swichi hata moja. Inakwenda kwenye taa moja kwa moja.

Ukitaka kuwashia sehemu ya tatu, kati ya tuwei hizo mbili unaingiza intamidieti. Hiyo ina skrubu nne, mbili za kuingia na mbili za kutoka, na kazi yake ni moja: kuziacha zile nyaya mbili zipite sambamba, au kuzipishanisha. Sehemu ya nne, unaongeza intamidieti nyingine. Ya tano, vilevile. Tuwei zinabaki mbili siku zote, moja kila mwisho. Idadi ya balbu haijalishi kitu, kwa sababu zinaungwa sambamba na swichi zinaziona kama taa moja.

Fundi wa kwanza aliyekuja kutazama alinipa bei ya chini mpaka nikapata mashaka. Nikamuuliza mbona waya ni mchache hivyo.

"Mama, getini tayari kuna laivu na nyutro za taa ya geti. Juu nako kuna laivu na nyutro za korido. Kila tuwei naipa zote mbili, halafu COM moja inakuja upande huu wa taa, nyingine upande ule. Kwa nini uingie gharama?"

"Na ya barazani?"

"Hiyo tutaiona."

Shemeji yangu ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha samaki. Nilipomsimulia alivuta karatasi akanichorea. Ni kweli ukifunga hivyo taa itawaka na kuzima. Inawaka pale swichi moja inapopeleka laivu na nyingine nyutro. Inazima zikipeleka kitu kimoja, na hapo ndipo pana hatari, kwa sababu kuzima kuko kwa aina mbili. Zikipeleka nyutro zote, sawa. Zikipeleka laivu zote, balbu imezima lakini holda ina volti 230 pande zote mbili. Mtu anaiona taa imezima, anapanda stuli kubadilisha balbu, kidole kinagusa chuma cha holda. Isitoshe, ndani ya kila swichi laivu na nyutro zinakaa zimetengwa na milimita chache tu, na cheche ya kila mbofyo inaruka hapohapo.

Kwa hiyo kabla ya kujadili bei na fundi yeyote wa umeme kwa kazi hii, muulize nyutro inapita wapi. Akikujibu inakwenda kwenye taa moja kwa moja bila kuingia kwenye swichi, endeleeni na mazungumzo. Akianza kuizungusha kwenye swichi, mpe nauli yake arudi.

Fundi wa pili ni binti aliyesomea VETA, na leseni yake ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, alinionyesha kabla sijaiomba. Alimsalimia mama, wakaulizana habari za nyumbani kwa Kisukuma, kisha akaomba kuona meni swichi. Bei baadaye. Hiyo peke yake ilinipa imani.

Nyumba yetu ina bodi mbili, ya chini na ya juu, kwa sababu ghorofa iliongezwa baadaye, na kila bodi ina breka yake inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Laivu ya ngazi inatoka bodi ya chini. Nikamuuliza kwa nini asichukue nyutro ya juu, iliyokuwa jirani kabisa na taa ya mwisho, tuokoe waya. Akakataa katakata. Breka ile, akasema, kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Umeme ukienda kwa bodi ya chini ukarudi kwa bodi ya juu, breka zote mbili zinakuta hesabu haikubaliani, na ukiwasha tu taa za ngazi nyumba inaingia gizani. Na hata pasipokuwa na breka hizo, mtu anaweza kuzima bodi ya juu afanye kazi yake, akafungua nyutro anayodhani imekufa, kumbe inabeba umeme wa taa za ngazi. Laivu na nyutro za taa moja zitoke breka moja, zirudi hapohapo. Sikubishana tena.

Dukani ndiko tulikohangaika kidogo. Tuwei zimejaa kila duka la vifaa vya umeme mjini, na bei yake imezidi ya wanwei kidogo sana. Intamidieti ndiyo adimu, na tuliyoipata bei yake ilizidi mara mbili ya tuwei. Muuzaji mmoja alituletea swichi yenye skrubu nne akasisitiza ndiyo yenyewe. Binti akaigeuza, akamrudishia. Ilikuwa wanwei ya vidole viwili, yaani swichi mbili kwenye uso mmoja, na skrubu mbili mara mbili ni nne. Intamidieti ina kidole kimoja na skrubu nne. Hata tulipopata ya kweli hakuilipia hapohapo. Alitoa mita yake, akaiweka kwenye mlio, akagusa skrubu jozi kwa jozi juu ya kaunta. Mita ikipiga piii, yaani skrubu hizo mbili zimeungana ndani, anabonyeza swichi, anahamisha ncha, inapiga tena. Alikuwa anatafuta zipi za kuingia na zipi za kutoka, maana kila kampuni inapanga kivyake, wengine juu na chini, wengine kushoto na kulia, na ukiziunga kwa kukisia utapata taa inayotii swichi moja na kuzigomea nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa mawe. Kufukia paipu kwenye ngazi zetu ni ndoto, chini ni jabali tupu. Alizipitisha paipu za milimita 20 ubavuni mwa mwamba, akizishika kwa klipu na skrubu, na drili ilikuwa inalia mtaa mzima unasikia. Biti ziliisha makali, mojawapo ikakatikia ndani ya jiwe na iko humo mpaka leo. Waya ni wa milimita za mraba 1.5, unaotosha kabisa kwa taa. Ule wa 2.5 waachie soketi. Rangi alizipanga: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, njano na bluu ndizo zile mbili zinazosafiri kati ya swichi, na ya kijani na njano ni ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, kwa sababu vishikio vya taa za nje ni vya chuma.

Swichi ya getini inakaa kwenye mvua, kwa hiyo imewekwa kwenye boksi la nje lenye alama ya IP65. Sita maana yake vumbi haliingii, tano maana yake linahimili maji ya kurushwa kwa nguvu kutoka upande wowote. Paipu alizileta ziingie kwa chini ya boksi, si kwa juu, ili maji yanayofuata paipu yadondoke kabla ya kufika. Hapo msimbane fundi bei. Boksi la ndani likiwekwa nje, kutu ya skrubu haikawii.

Kupokea kazi kuna namna yake. Watu wengi wanabofya swichi moja, taa inawaka, wanalipa. Swichi tatu zina nafasi 8 kwa jumla, na kazi ikiwa sahihi, 4 kati yake taa inawaka na 4 inazima. Binti alimsimamisha mwanangu getini, mimi barazani, yeye juu, tukapigiana kelele: "Getini bofya! Barazani bofya! Juu bofya!" Kila anayebofya, taa lazima ibadilike, bila kujali wenzake wameziachaje zao. Swichi ikibofywa taa ikabaki vilevile hata mara moja, kuna waya umeingia tundu lisilo lake, na mara nyingi ni kwenye intamidieti au mtu amechanganya COM na L1.

Nyota niliyoibakiza ni kwa ajili ya haya. Usiku wa kwanza tulizima taa, na balbu mbili za LED zikabaki na mwanga hafifu wa rangi ya maziwa. Mama akasema nyumba ina wageni tusiowaona. Binti alipopigiwa simu hakushangaa: kati ya zile nyaya mbili za kusafiria, siku zote mmoja una umeme hata taa ikiwa imezima, na kwa kuwa zinakwenda pamoja ndani ya paipu moja ndefu, ule wenye umeme unaambukiza kidogo ule uliokufa. Balbu za zamani zilizokuwa zikipata moto zisingehisi chochote, ila LED ndogo ya bei rahisi inatosheka na hicho kidogo. Alileta balbu za aina nyingine zenye saketi bora ndani, mwanga ukaisha. Kama zisingefaa, angefunga kapasita maalumu sambamba na taa. Sawa, amerekebisha, lakini ningependa aniambie mapema, kwa kuwa alijua ngazi ni ndefu.

La pili halina dawa. Swichi hizi hazina juu wala chini. Kwenye wanwei ukiona kidole kimelala upande fulani unajua umezima. Hapa hakuna upande wa kuzima. Umeme ukikatika taa zikiwa zinawaka, na unajua Mwanza umeme ukikatika haukuagi, hutajua kwa kutazama swichi kama ukirudi zitawaka au hapana. Tumewahi kuamka saa tisa usiku ngazi yote inang'aa na wadudu wanasherehekea. Tumezoea.

Kwa anayejenga sasa: amueni swichi zitakaa wapi kabla ya plasta, na mlaze paipu zote hata kama hela ya intamidieti haijapatikana. Mahali pa katikati zile nyaya mbili zinaweza kuungwa zipite tu, na siku ukipata swichi fundi anaikatia hapo. Ambaye ukuta umeshapigwa rangi na hataki kuubomoa, ziko swichi za kubandika zisizo na waya, zinazotuma ishara kwa kifaa kidogo kinachofungwa kwenye taa. Dada yangu anazo Nyegezi na anazisifu, ingawa za kwake zinataka betri.

Kabla hajaondoka nilimwomba binti mchoro. Aliuchora kwa kalamu ya wino, rangi za nyaya na mahali zinapopita, akaubandika ndani ya mlango wa bodi ya chini. Na wewe mwombe wako, hata ikibidi umwongezee kidogo.