Eksirei ya kifua ya kidijitali: ununue ipi kwa kituo cha Unguja au Pemba?

Katalogi ya muuzaji huanza na mtambo mzima unaong'aa, meza na stendi na vyote. Ifunge, kaitazame mashine uliyonayo. Namna ya kuzalisha mionzi haijabadilika sana kama ilivyobadilika namna ya kuipokea upande wa pili wa kifua, na pesa yako iende huko.

Kwa hiyo, kama tyubu yako, yaani sehemu inayotoa mionzi, bado nzima, nafasi ya kwanza naipa paneli bapa isiyo na waya, kipokeaji cha mionzi cha sentimita 35 kwa 43 kinachokaa palepale ilipokuwa ikikaa kaseti ya filamu. Picha inafika kwenye kompyuta kwa sekunde chache. Zile ambazo tabaka lake la kugeuza mionzi kuwa mwanga ni la iodidi ya sesiamu ni ghali kuliko za gadolini, lakini hutoa picha nzuri kwa mionzi michache zaidi, na wagonjwa wa kifua hurudi mara nyingi. Ongeza hiyo pesa. Chagua pia inayohisi mionzi yenyewe, bila kuunganishwa na jenereta ya mashine, ile sehemu inayoipa tyubu umeme. Fundi wa kuunganisha si mtu utakayempata Chake Chake siku yoyote unayomtaka.

Ijaribu mbele ya muuzaji. Mgonjwa asimame mita 1.8 kutoka kwenye tyubu, kisha tazama nyuma ya kivuli cha moyo: mishipa ya pafu lazima ionekane pale, na mapafu yenyewe yasiwe meusi tii. Picha ya kiganja wanayopenda kukuonyesha haina maana, mifupa ya mkono hutoka vizuri kwenye paneli yoyote. Na jua kwamba paneli nyingi ndani ni kioo. Ikimponyoka mtu ikapiga sakafu, unaweza kubaki na mstari kwenye kila picha. Uliza waranti inasemaje kuhusu kuanguka, na jibu uandikiwe.

Ya pili ni mashine ya kubeba, inayotumia betri. Fujifilm FDR Xair ina kilo 3.5 tu, inapanda boti kwenda Kojani au Fundo bila shida. Na umeme ukikatika kazi inaendelea. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme, hawahitaji kuelezwa zaidi. Nguvu yake ndogo, lakini. Kifua cha mtu wa kawaida sawa, ila nyonga au uti wa mgongo wa mtu mnene utatoka na chenga, kwa hiyo isiwe ndiyo mashine pekee ya hospitali.

Mashine hizi za kubeba mara nyingi huuzwa pamoja na programu ya akili mnemba ya kusoma picha, kama CAD4TB au qXR. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha programu za aina hii kusoma picha katika uchunguzi wa kifua kikuu, kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Programu hutoa alama, na nyinyi ndio mnaoamua alama ipi inampeleka mtu kwenye kipimo cha makohozi. Uliza kama inafanya kazi bila intaneti, na leseni inalipwa kwa mwaka au kwa idadi ya picha. Hapo ndipo bei rahisi ya mwanzo inapokugeuka.

Chumba kizima kipya nakiweka cha tatu, kwa hospitali inayojengwa upya au ambayo tyubu imekufa. Kiyoyozi na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) viwe ndani ya bei, kwani unyevu wa masika na chumvi haviisamehi saketi. Kwa chaguo lolote, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kitangulie kontena, na picha zitoke kwa mfumo wa DICOM, ule wa pamoja wa picha za kitabibu, ili daktari wa Hospitali ya Mnazi Mmoja aweze kuzifungua.

Kaseti za kidijitali, zinazosomwa kwa leza, ndizo za mwisho. Sahani ya ndani inayohifadhi picha huchunika, roli za mashine ya kuisoma huchakaa, na kila picha inasubiri zamu yake. Nyingi sasa hutolewa kama msaada zikiwa zimeshatumika. Ukiletewa, kabla ya kushukuru muulize mtoaji sahani za akiba zinapatikana wapi.