Rolikeji ya Bolti au ya Kuchomelea?

Madereva wa mbio za magari wa Iringa na Mbeya huulizana mara kwa mara kama rolikeji, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayozuia paa lisiwabonyee waliomo gari linapobiringika, ifungwe kwa bolti au ichomelewe kwenye bodi.

Kwa gharama, ya bolti inashinda, kwa kuwa huja imeshakatwa na mwenye gari anaweza kuifungua baadaye. Ya kuchomelea hudai gari livuliwe viti, dashibodi na zulia, kisha kila bomba lipimwe mahali pake.

Kwa uimara naipendelea ya kuchomelea, kwa sababu huunganisha sakafu, nguzo na paa kuwa kitu kimoja, bodi haipindi ovyo kwenye makorongo ya barabara za vumbi za Mufindi, na shokapu hufanya kazi yake ipasavyo. Lakini hapo uhai umo mikononi mwa fundi: kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, hutaka upinde mkuu, yaani ule unaosimama nyuma ya viti vya mbele, uwe wa bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2; bomba la maji halifai kabisa.

Bolti hukazwa baada ya kila mbio. Maungio yaliyochomelewa hukaguliwa nyufa na kutu.

Anayeanza, ambaye huenda akaliuza gari mwakani, atafaidika na ya bolti. Aliyetenga gari kwa mbio tu achomelee. Gari la shughuli za kila siku lisifungwe yoyote, kwani bila helmeti kichwa kinaweza kugonga bomba hata katika ajali ndogo.